Mpima Wito

Mjini walimwita Profesa, ingawa chuo alikifahamu kwa kukitazama kutoka nje ya geti. Hapo getini ndipo alipokuwa amesimama siku aliyomsikia kijana akilalamika kwenye simu: yuko mwaka wa tatu wa uhasibu, na bado hajui kama alizaliwa kwa kazi hiyo. Mwingine angesikia huzuni. Profesa alisikia soko.

Kesho yake alikuwa na meza mbele ya maktaba, kitambaa cheupe, mhuri wa mviringo, na karatasi zenye maswali kumi na mawili: je, unaishi wito wako? Majibu aliyapima kwa rula, uso mzito kama daktari anayeficha habari mbaya. Hakuna aliyevuka asilimia arobaini. Waliofeli, yaani wote, walilipia kikao cha kuunyanyua wito. Hata mkuu wa kitivo alipimwa, akapata thelathini na tatu, akaomba isitangazwe, kisha akampa Profesa ofisi.

Siku ya tisa aliingia binti wa sheria, mpole, daftari kifuani. Alieleza kwamba alipata kumi na nane na tangu hapo hali wala halali. Aliomba aone mtu aliyekamilika anavyojibu, ajifunze. Profesa hakuwahi kuombwa kuwa mfano wa jambo lolote, akalegea. Akajibu kwa moyo wote, na kwa mara ya kwanza maishani, kwa ukweli. Kazi gani ungeifanya hata bila malipo? Kuwatapeli watu, kuwaingiza mjini. Nani hufaidika na kipaji chako? Mimi. Akatia sahihi, akagonga mhuri.

Binti akashika rula, akapima.

"Mia kwa mia, mjomba. Chuo kizima ni wewe peke yako."

Machozi yakamlengalenga Profesa. Yalikauka alipoona karatasi inakunjwa na kutiwa ndani ya daftari.

"Hiyo ni yangu, mwanangu."

"Ni ushahidi, mjomba. Una sahihi yako, una mhuri wako. Toka taratibu, na vifaa uviache mezani."

Alitoka na koti lake tu. Nje foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi, na wa mbele akamuuliza kwa heshima kama wameleta mpimaji mpya.

Profesa alitazama mlango ukifungwa nyuma yake. Akajibu kwamba ndiyo, na kwamba huyu ana wito kweli.