Suti ya Mzee Onsongo

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimeamua. Kuanzia leo navaa kama wanaume walivyovaa zamani. Suruali pana inayopanda mpaka kitovuni. Koti la vifungo safu mbili. Kofia ya pama. Viatu vinavyosikika kabla mwenyewe hajaonekana.

Sababu ni uchaguzi. Tarehe kumi na nane wakulima wa kituo chetu cha majani chai hapa Magwagwa watachagua mwenyekiti. Tuko wawili: mimi, Thadeus Nyangau, na Gibson Ombati, mwalimu wa shule ya msingi. Gibson huvaa suti za buluu zilizombana kama ngozi ya soseji. Suruali zinaishia juu ya vifundo vya miguu, na soksi hana. Mwanamume mzima. Wakulima wengi wa kituo ni wazee, na mzee hawezi kumpa kura mtu anayetembea na vifundo nje.

Nimemweleza mke wangu Orpah. Akauliza kama nina mpango wowote kuhusu mizani ya kituo, ambayo kila mtu anailalamikia. Nikamjibu kwamba mipango huja baada ya mavazi. Akaendelea kuchambua mboga za chinsaga bila kuinua kichwa.

Jumatano, 4 Juni

Kisii, soko la Daraja Mbili. Nimeinama juu ya marundo ya mitumba tangu asubuhi mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Lakini nimepata. Koti la sufu, rangi ya kahawa, kola pana kama majani ya mgomba. Kofia ya pama, kijivu, ina tundu dogo kisogoni. Muuzaji alisema tundu ni la kupitisha hewa, kofia za siku hizo zilishonwa kwa akili. Nimeiamini elimu hiyo.

Viatu vya rangi mbili, nyeusi na nyeupe. Nimegundua nyumbani kwamba cha kulia ni kikubwa kuliko cha kushoto. Nimekijaza gazeti. Orpah aliniambia natembea kama mtu aliyekanyaga mwiba na hataki kukubali. Hiyo ndiyo mwendo ya wazee wa zamani, nikamwambia. Akanisahihisha: mwendo wa.

Ijumaa, 6 Juni

Nimevaa koti kituoni. Akina mama waliokuwa na vikapu vya majani wakanyamaza wote kwa pamoja. Nikadhani ni heshima.

Gibson akaja. Akanisalimia vizuri, hata akanipa mkono. Akanizunguka mara moja polepole, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Halafu akasema mbele ya watu wote:

"Thadeus, hili koti linafungwa upande wa kike. Ni la mama fulani. Lakini limekupendeza."

Jirani yetu Bitutu, mjane mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake, ilibidi akalie kikapu chake. Majani yote yakapondeka.

Sikulivua. Nilisimama nalo pale pale mpaka lori likaja, likapakia, likaondoka. Mfukoni nikakuta kibanio cha nywele. Nimekitumia kubania tai. Kinashika vizuri sana.

Jumapili, 8 Juni

Nilikuwa misani lakini sikusikia mahubiri. Nilikuwa nafikiria suti ya Mzee Onsongo.

Mzee Onsongo ni baba yake Orpah. Mwaka wa 1974, alipokuwa karani wa chifu, alishonewa suti Kisii mjini na fundi aliyepima hata urefu wa vidole. Nyeusi, mistari myembamba myeupe, vifungo safu mbili, suruali pana yenye mapindo. Niliiona mara moja, siku ya harusi yangu. Tangu hapo imelala ndani ya sanduku la bati pamoja na vidonge vya kufukuza nondo. Ukoo mzima unajua inangoja nini. Mzee ameagiza azikwe nayo.

Lakini Mzee ana miaka themanini na miwili na afya ya fahali. Suti inalala bure. Mimi naihitaji siku moja tu.

Jumatatu, 9 Juni

Nimekwenda kwa wakwe wakati najua Mzee yuko shambani. Kwa mila yetu mimi na mama mkwe hatukaribiani. Yeye alisimama mlangoni mwa jikoni, mimi nikasimama mbali karibu na migomba, nikitazama chini. Nikasema kwa sauti kwamba suti ya Mzee lazima imeshaanza kuliwa na nondo, na kwamba Kisii kuna dobi hodari sana wa sufu, na kwamba ingekuwa jambo zuri Mzee asiambiwe, ili iwe furaha kwake.

Halafu mama akasema, kama kwamba anaongea na ukuta, kwamba amezaa wana wanne na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiria jambo hilo. Akaiweka suti juu ya jiwe, ndani ya mfuko, akarudi ndani. Nikaichukua.

Nilijisikia vibaya mpaka kufika barabarani.

Jumanne, 10 Juni

Suti ni ya ajabu. Koti limenikaa kama limenijua tangu utotoni. Suruali ndiyo tatizo. Mzee wa 1974 alikuwa na tumbo, mimi sina. Nikifunga mkanda, inajikunja kiunoni kama mdomo wa gunia.

Nimempelekea Persis, fundi wa hapa sokoni. Aliniuliza nataka nini hasa. Ningesema tu: punguza kiuno kidogo, utie uzi panapofumuka. Lakini kulikuwa na wateja wawili pale, na mmoja ni shemeji yake Gibson. Kwa hivyo nikasema kwa sauti ya mwenyekiti: "Ifanye suti nzima inikae kama inavyomkaa mtu anayejua kuvaa."

Persis akaniangalia juu mpaka chini. Akasema ameelewa kabisa.

Alhamisi, 12 Juni

Mzee Onsongo amelazwa hospitalini Nyamira. Nimonia. Alinyeshewa shambani, akakataa kubadilisha nguo, usiku akashindwa kupumua.

Orpah amerudi jioni macho yamevimba. Akasema baba yake anaongea kwa shida, na neno la kwanza aliloomba ni suti. Anataka iletwe aione kwa macho yake, iwekwe kwenye kiti karibu na kitanda, ajue iko tayari. Mama amemwambia Orpah iko kwa dobi, Thadeus ndiye anajua.

Orpah akanishika mkono. Akasema, baba Sharon, sikujua una moyo wa namna hii. Kesho uilete.

Nikasema nitaileta. Chakula kilinishinda.

Ijumaa, 13 Juni

Nilikuwa kwa Persis kabla hajafungua. Akaitoa suti kwa fahari, imepigwa pasi, imening'inizwa.

Amekata suruali. Mapindo hayapo. Miguu, iliyokuwa mipana kama sketi, sasa ni miwili myembamba inayoishia juu ya vifundo. Koti nalo amelibana kiunoni. Ameshona suti ya Gibson kwa kitambaa cha Mzee Onsongo.

Nilimuuliza amefanya nini. Akashangaa. Alisema mtu anayejua kuvaa hapa Magwagwa ni mwalimu Gibson peke yake, kila mtu anajua hivyo. Niliuliza vipande alivyokata viko wapi. Akanionyesha mto aliokuwa ameukalia. Alikuwa amevijaza ndani.

Nimekwenda nyumbani na suti na mto. Nimeufumua mto na kuvipanga vipande vyote kitandani. Haviungani. Nimejaribu kwa pini, nimejaribu kwa gundi. Mguu mmoja sasa una gundi.

Ninasema wazi hapa, mahali pasipo na mwingine wa kusoma: kosa si langu. Kosa ni la zama hizi.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda hospitalini. Nilikuwa nimeikunja suti ndani ya mfuko ili koti lionekane juu na suruali ijifiche. Orpah na mama yake walikuwa wamesimama upande wa dirisha. Mzee alikuwa mdogo sana kitandani. Sikutegemea angekuwa mdogo hivyo. Shingo yake ilikuwa kama ya kifaranga.

Akasema, "Itoe."

Nikaonyesha koti.

"Na suruali."

Nikasema suruali bado ina unyevu wa dobi. Orpah akanyoosha mkono akaichukua mwenyewe mfukoni. Ikafunguka. Ilikuwa fupi sana pale hewani.

Mama mkwe akafunika uso kwa leso, akageukia ukuta. Mzee akaishika ile suruali, akapitisha kidole mahali mapindo yalipokuwa.

"Thadeus."

"Naam, tata, baba yangu."

"Nani amekufa hapa?"

"Hakuna, tata."

"Mbona nguo zangu zimeshagawanywa?"

Nilianza kueleza. Kura, kituo, Persis, mto. Maelezo yalikuwa mengi na yote yalinielekea mimi. Nilipofika kwenye gundi, kitanda kikaanza kutetemeka. Nikadhani ndiyo dakika yake ya mwisho na mimi ndiye niliyemuua. Orpah akapiga hatua kumkimbilia muuguzi. Lakini Mzee alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akatoa kitu kibaya ndani ya karai, na baada ya hapo, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, akavuta pumzi ndefu iliyofika chini.

Akasema, "Siwezi kuzikwa na hii, mababu watanifukuza wakidhani mimi ni mwalimu mgeni. Kwa hivyo itabidi nisife kwanza."

Mimi nilicheka pia. Orpah hakucheka. Ameniambia nilale chumba cha binti yetu Sharon mpaka atakaponiambia vingine. Sharon yuko shule ya bweni. Kitanda ni kifupi. Vifundo vyangu viko nje.

Jumatatu, 16 Juni

Mzee ameruhusiwa kwenda nyumbani. Daktari amesema kifua kimefunguka. Sisemi ni mimi niliyekifungua. Lakini ninaandika tu ukweli wa mfululizo wa mambo.

Jumatano, 18 Juni

Uchaguzi.

Nilivaa koti la sufu. Ndiyo, lile lile. Mtu akishachekwa mara moja na akalivaa tena, koti linakuwa bendera. Kofia, tai, viatu vya rangi mbili. Gibson alikuwa na suti mpya ya buluu, fupi kuliko zote.

Karani wa uchaguzi akasema tutapiga mlolongo: kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka. Kabla hajamaliza, watu wakageuka kutazama njia. Mzee Onsongo alikuwa anakuja na fimbo, polepole, mkewe nyuma yake. Amevaa suti. Ile. Ugonjwa umemkondesha, kwa hivyo imemkaa sawasawa, kiuno kimebana, mistari myeupe imenyooka, na chini vifundo viwili vyeusi vyembamba vinang'aa mafuta. Bila soksi.

Akina mama wakapiga vigelegele. Wazee wakaanza kupiga fimbo chini. Mzee akatulia, akasema amekuja kupiga kura tu, ila kwa kuwa amesimama ana neno moja. Mizani ya kituo inaiba. Ameipima mwenyewe mwezi jana kwa jiwe analojua uzito wake. Mtu yeyote atakayechaguliwa aanze na mizani.

Bitutu akasema kwa nini tutafute mtu wa kuanza na mizani ilhali aliyekwisha kuanza yuko hapa.

Basi. Watu wakatiririka kama maji. Gibson alibaki na watu sita, halafu watatu, halafu Gibson mwenyewe akavua miwani yake ya jua akaenda kusimama nyuma ya Mzee. Orpah alisimama nyuma ya baba yake bila kunitazama.

Nyuma yangu hakuna mtu. Sikugeuka. Nilisimama wima, kofia sawa, nikitazama mbele. Karani akahesabu akaandika sufuri.

Jioni Orpah ameniambia kwamba nilikuwa na kura moja. Mama yake alinionea huruma. Lakini kwa heshima ya mila alisimama hatua ishirini nyuma, chini ya mti wa mparachichi, na karani akadhani amepumzika.

Amenirudisha chumbani kwetu. Hakusema amenisamehe. Alisema tu kitanda cha Sharon kitavunjika.

Jumapili, 22 Juni

Nimefikiri kwa siku nne na nimeona jambo ambalo hakuna mwingine ameliona. Nani aliyechagua suti iliyoshinda uchaguzi? Nani aliyeitoa sandukuni? Sikukosea kuhusu mavazi hata kidogo. Nilikosea mvaaji tu.

Na mwezi wa Septemba tunachagua mwenyekiti wa wazazi shuleni.

Kinachohitajika safari hii ni kitu kizito zaidi. Leo nimepita kwa Bitutu kumsalimia, nikaona ndani ya banda la kuku koti refu la askari, la kijani, vifungo vya shaba, kola ya kufunika masikio. Lilikuwa la marehemu mumewe. Kuku watatu wanaatamia juu yake. Nikamweleza Bitutu kwa upole kwamba sufu huleta utitiri, na mayai mengi yataharibika. Akasikiliza kwa makini sana. Akauliza basi kuku walalie nini.

Kesho asubuhi nampelekea blanketi zuri, jipya, la rangi ya maziwa. Ni lile ambalo mama mkwe alimpa Orpah. Orpah anakwenda Keroka kesho, na atarudi jioni.