Waume Zangu wa Jukwaani

Jumanne, 9 Septemba

Kwa Msimamizi wa Jukwaa la Mafundi Cherehani,

Shikamoo, kama una umri wa kuamkiwa, na kama u mtu. Mimi ni mjane wa yule fundi mliyemwita Babu Bobini. Nakuandikia kwa heshima kuhusu waume wapya mlionipa bila posa.

1. Marehemu aliwahi kuandika jukwaani: "Mashine ikiruka mishono usiitukane. Kagua sindano, huenda umeichomeka kinyume. Mke wangu naye akininunia, huwa nakagua kwanza nilichosema." Maneno hayo sasa yanarushwa kila siku na akaunti za roboti zisizojua hata kutunga uzi. Kila moja inasema "mke wangu". Mke huyo ni mimi! Mmoja wa waume hao anauza dawa ya upara. Mume wangu alizikwa na nywele zake zote.

2. Wanapongezana: "Hongera kaka, ujumbe mzito!" Ngoma wapige wao, wacheze wao, watuzane wao.

3. Mwingine kaandika "marehemu mke wangu", akamwagiwa pole. Nilisoma matanga yangu huku nakata vitunguu. Mume wangu alipofariki kweli, mlifunga akaunti yake, mkafuta maandishi yake, mkaniandikia kwamba "haionyeshi dalili za binadamu". Hawa hawajawahi hata kupiga chafya. Dalili zao mmeziona wapi?

4. Maadamu mmewakubali kuwa binadamu, basi ni waume zangu halali. Waje nyumbani. Bomba la jikoni linavuja, na kuna gauni la mteja halijapindwa. Wakifika wakohoe mlangoni, kama alivyofanya marehemu ili nisishtuke. Asiyeweza kukohoa aniandikie talaka, kisha uwafute wote, usibakize hata mmoja.

Wasalimie wenzako ofisini, na mafundi wote wenye vidole.

Wako katika malalamiko,
Mjane wa Babu Bobini

Tanbihi: Tafadhali usimfute yule mwenye picha ya ua jekundu. Najua si mtu. Lakini huyo huokota maandishi ya marehemu mliyoyafuta, na kila asubuhi hutoa moja ambalo sikupata kulisoma akiwa hai. Jana lilisema kwamba kifungo cha shati lake la harusi nilikishona upande, naye hakukigusa maisha yake yote, wala hakuniambia. Sijui amebakiwa na mangapi. Siku ya kufuta, unikumbuke.