Lita Tatu za Kumshinda Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Mambo yamekuwa mambo. Ijumaa Daktari, mkuu wetu hapa maabara, anachagua msimamizi wa stoo. Mtihani ni kutaja kemikali thelathini za kwenye rafu, kwa mpangilio, bila kuchungulia. Tumebaki wawili: mimi na shemeji, mdogo wake mke wangu. Hata kazi ya kuosha chupa hapa nilimtafutia mimi! Akishinda, nitamwomba ruhusa hata ya kwenda chooni. Sikubali.

Jumanne, 4 Machi
Nimemdadisi Daktari anatafuta nini kwenye ubongo wa panya. Kumbe kimeng'enya, yaani enzaimu, ndani ya seli za neva. Ujumbe ukifika, kalsiamu huingia na kukiwasha. Ujumbe ukirudiwarudiwa, kinabaki kimewaka chenyewe, na kumbukumbu inakaa. Mwili ulinisisimka. Kadude kadogo hivyo ndiko kanakoamua nikumbuke nini? Nikamwomba arudie. Akarudia.
Kalsiamu. Maziwa!

Jumatano, 5 Machi
Lita tatu kabla ya saa sita. Tumbo linanguruma. Nimerudi kwa Daktari mara nne. Nani hukizima? Kimeng'enya kingine. Na panya wasiokuwa nacho? Husahau njia waliyopita jana. Nimeduwaa mchana kutwa. Shemeji yeye anaosha chupa huku akitaja kemikali kwa sauti. Nimemwonea huruma. Mke wangu kauliza orodha nitaisoma lini. Nimemwambia sayansi haitaki papara.

Alhamisi, 6 Machi
Daktari anasema maziwa hayaendi kichwani moja kwa moja. Mwili hupima kalsiamu kwa ukali. Nahisi anampendelea shemeji. Nimeongeza lita.

Ijumaa, 7 Machi
Nimetaja kemikali nne. Ya nne haipo hata stoo. Shemeji kataja zote thelathini, akaula. Nilitamani ardhi inimeze. Daktari, kwa kunihurumia, akaniomba nieleze kimeng'enya. Nikamwaga yote, kuanzia kalsiamu hadi panya, bila kukwama. Shemeji mwenyewe alipiga makofi. Daktari akauliza nimeyashikaje yote hayo. Maziwa, nikasema. Akakuna kichwa, akaniambia nikatafakari.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari. Maziwa yamewasha upande mmoja tu wa ubongo, ule wa vimeng'enya. Upande wa kemikali unataka kalsiamu kavu. Nasaga maganda ya mayai. Msimamizi mpya amepiga simu, anataka kuniona Jumatatu. Saa aliitaja mara moja tu, imeshanitoka.