Joto Lapigwa Marufuku Wellerdam

Mwezi wa Julai, Manispaa ya Wellerdam ilitangaza ushindi ambao Uholanzi nzima ilikuwa ikiuota: joto limepigwa marufuku katika nyumba zote za wazee. Kamati ya Hali ya Hewa Inayoridhisha ilipiga kura, na joto likashindwa kwa kauli moja. Vipimajoto vya zamani vikang'olewa, vikatundikwa vipya visivyopanda kupita nyuzi ishirini na sita.

Fenna Hoekstra hakushangilia. Chuoni alikuwa amezama katika mabadiliko ya tabianchi na afya ya jamii, na bibi yake, Geertje, aliishi katika nyumba mojawapo, madirisha yamepigiliwa misumari kwa amri ya meya, kwa ajili ya usalama. Alimkuta midomo imekauka, hajui ni asubuhi au jioni. Akatoka mbio hadi kwa Meya Ploeg.

"Mheshimiwa, wazee wanaiva mle ndani!"

"Kipimajoto kinasemaje, binti?"

"Ishirini na sita. Hata ukikitumbukiza kwenye chai kinasema hivyo hivyo!"

"Basi ni chombo chenye msimamo."

"Bibi yangu anazimia!"

"Huo uzee. Hewa tumeshaishughulikia."

Fenna akarudi machozi yakimlengalenga, akashinda akimnywesha bibi maji kwa kijiko mpaka akapata nafuu.

Kesho yake meya alikuja kwenye nyumba ya bibi huyo kuzindua mafanikio hayo, amevaa koti la sufu na mkufu wa cheo. Hotuba haikufika mbali. "Ubaridi huu wa... wa..." Akaanguka puu!

Muuguzi mkuu akatazama kipimajoto. "Ishirini na sita. Huyu kashikwa na baridi. Leteni blanketi!"

"Mfunikeni vizuri," Bibi Geertje akahimiza. "Asije akapata mafua, maskini."

Fenna akaja na ndoo ya maji. Muuguzi akamzuia. "Maji ni tiba ya joto, na joto halipo kisheria. Mpaka mwenye mamlaka atamke."

Fenna akapiga magoti, akamsogezea meya kipaza sauti. "Tamka, Mheshimiwa, nakuomba."

"Jo..."

"Huku nyuma hatusikii!" wazee wakalalamika.

"Joto! Nakufa kwa joto! Fungueni madirisha!"

Ndoo nzima ikamshukia. Misumari ikang'olewa, upepo ukaingia, wazee wakavuta pumzi. Meya akaketi, maji yakimchuruzika, rangi ikamrudi, na hasira pia.

"Mpumbavu gani aliyefunga madirisha haya?" akanguruma.

Bibi Geertje akampa bilauri ya maji.

"Wewe, mwanangu. Kunywa kwanza."