Bingwa wa Mbu wa Mtaa Mzima

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekuwa mwanasayansi. Saa nne asubuhi, bila koti jeupe, bila shahada, kandambili miguuni. Watafiti wa mbu wamepita mtaani wakitafuta nyumba ishirini za watu wa kawaida wa kujitolea. Nimetia sahihi kabla dada mtafiti hajamaliza kunisalimia.

Miaka kumi na miwili nawaandikia wahariri wa magazeti kwamba elimu si mali ya wasomi peke yao. Kwamba karani wa masjala ana macho mawili kama profesa, tena ya kwangu hayajachoshwa na darubini. Barua mbili zilichapishwa. Ya pili nusu. Leo wasomi wamekuja wenyewe mlangoni kwangu, wakabisha hodi!

Kazi ni hii. Nimepewa mtego: kopo jeusi lenye feni ndogo ya betri, linakaa pembeni mwa sebule. Kila asubuhi namwaga mbu walionaswa juu ya karatasi nyeupe, nawahesabu, natuma idadi kwa simu. Dada mtafiti amesisitiza mara tatu nisibadilishe chochote nyumbani. Mtu akirudia jambo mara tatu, huwa hana hakika nalo.

Mjitoleaji mmoja atachaguliwa kuhutubia mkutano wao mkuu. Hotuba yangu imeshafika ukurasa wa sita.

Jumanne, 4 Machi

Mbu wawili. Wawili! Na mmoja hana mabawa.

Jirani wa mbele, fundi redio, yule tunayemwita Waya, naye amepewa mtego. Hajawahi kusoma gazeti bila kufungia kifaa ndani yake. Akaegemea ua wangu, akauliza: Mheshimiwa, leo umevuna wangapi? Nikamjibu kwamba takwimu ni siri ya mtafiti. Yeye akasema kwake sifuri, na tayari ameituma. Nimecheka mpaka nikakohoa. Mtu mzima, mwenye mvi, anatuma sifuri!

Alhamisi, 6 Machi

Mbu mmoja. Nilipiga chafya, akapeperuka. Nimemwandika hivyo hivyo.

Nimesoma upya kijikaratasi cha watafiti, mara hii kwa jicho la mkakati. Mbu hutaga kwenye maji yaliyotulia. Baada ya siku kumi hivi, mayai yamekuwa mbu kamili. Wameniandikia wenyewe namna ya kushinda, kwa herufi kubwa!

Nyuma ya nyumba nimepanga ndoo mbili, tairi kuukuu na beseni la kufulia. Nimejaza maji. Je, nimebadilisha kitu nyumbani? Hapana. Nyuma ya nyumba si nyumbani, ni nyuma yake. Watu hawasomi masharti.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu ameuliza beseni lake liko wapi. Nimemweleza kwamba limeitwa kazini na taifa. Akasema taifa lije basi lifue mashuka.

Hana muda wa kubishana, nashukuru. Yeye ni fundi cherehani, anashonea barazani, na safari hii amepata kazi ambayo hajawahi kuipata: sare kumi na nane za wauguzi wanaohitimu. Mwisho Ijumaa ya tarehe 28. Zikifika kwa wakati, chuo kitampa sare za kila mwaka. Zikichelewa, basi tena. Ameniomba kitu kimoja tu: utulivu.

Nimeongeza ndoo tatu. Kimya kimya.

Jumatatu, 17 Machi

Kumi na mmoja! Jana watano, leo kumi na mmoja!

Kwenye beseni viluwiluwi wanacheza kama watoto siku ya kufunga shule. Nimesimama pale robo saa nikiwatazama. Sijui kama baba yeyote amewahi kujivuna hivi. Waya sifuri. Maskini.

Alhamisi, 20 Machi

Thelathini na saba. Nimehesabu mara mbili, kisha mara ya tatu kwa raha tu.

Barazani mambo si mazuri sana. Muuguzi wa kwanza amekuja kupimwa, akajipiga kofi shavuni akiwa na pini mkononi. Akaondoka akisema, shoga yangu, nitarudi mbu wakienda likizo. Wa pili hakufika hata kwenye ngazi. Mke wangu, mkono mmoja kwenye kitambaa na mwingine ukifukuza mbu, ameshona mkono wa gauni kwenye kola. Akaniuliza mbu hawa wanatoka wapi. Nikamwambia ni mabadiliko ya tabianchi. Akatazama mbingu, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu zaidi.

Jumamosi, 22 Machi

Arobaini na mmoja! Rekodi!

Cherehani imehama. Imekwenda kwa Waya.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na Waya wameibeba, mmoja huku mmoja kule, mtaa mzima ukitazama. Mke wangu amesema sare kumi bado, siku sita zimebaki, na barazani kwa Waya hata ukitafuta mbu wa dawa humpati. Mimi nibaki na taifa langu. Shemeji akauliza: bwana shemeji, unafuga au unahesabu? Nikamwambia maswali ya kitaalamu yana wakati wake.

Sebule imenyamaza. Miaka ishirini na mmoja nimezoea ile sauti ya cherehani wakati nasoma gazeti. Sasa nasikia mbu tu. Lakini wengi! Wengi kweli!

Jumanne, 25 Machi

Watafiti wamekuja na ramani. Nyumba zote zina vitone vya njano. Kwangu kuna duara jekundu, kubwa kama kisahani cha chai. Nimevaa koti langu la harusi na kushika hotuba, kurasa kumi na nne.

Dada mtafiti ameomba kuona nyuma ya nyumba.

Akasimama mbele ya zile ndoo. Akainama. Akauliza taratibu: mzee wangu, hizi ni za nini? Nikajibu kwamba ni mchango wa mwananchi kwa sayansi. Hakucheka. Akaeleza kwamba ramani ile inaonyesha wapi wapelekwe wafanyakazi wa kuondoa maji yaliyotuama. Wako wachache. Kwa ajili ya duara langu, wiki hii walipangiwa mtaa wetu, badala ya mtaa wa nyuma ya soko ambako watoto wanaumwa homa kweli. Akapiga simu pale pale kuwageuza. Namba zangu zote zimefutwa. Hata wale wawili wa mwanzo, ambao nilikuwa nimewapata kwa haki!

Kisha pigo la mwisho. Atakayehutubia mkutano ni Waya. Ametuma sifuri kila siku bila kukosa, na dada mtafiti anasema sifuri nayo ni takwimu, tena ya thamani, kwa sababu wengi huona aibu kuituma. Mtu anapewa jukwaa kwa kutoona kitu! Nimesema niliyokuwa nayo moyoni, kwa sauti. Waya, aliyekuwa ameegemea ua, akanipa pole. Pole!

Mke wangu alikuwa amesikia yote kutoka barazani kwa Waya. Akaja, akamwaga maji, akachukua beseni lake, akaondoka.

Alhamisi, 27 Machi

Nimesalimu amri. Ndoo nimezisugua kwa mchanga, tairi nimempa fundi viatu. Nikavuka barabara na kuomba msamaha mbele ya mke wangu, shemeji na Waya. Nikaapa kwamba sitafuga mbu tena kwenye ndoo, beseni wala tairi. Mke wangu akanirudisha mwanzo, niongeze chombo chochote kile. Nikaongeza.

Cherehani imerudi. Ameshona mpaka vidole vimevimba. Zimebaki sare mbili na vifungo. Nimemwekea chai, nimekaa karibu, nimesoma gazeti. Ile sauti! Nimeridhika kabisa. Mimi na utafiti basi.

Jumapili, 30 Machi

Sare zilifika Ijumaa, zote kumi na nane. Chuo kimempa kazi ya kila mwaka. Ametembea leo kichwa juu, na mimi nyuma yake kichwa juu zaidi.

Habari kubwa ni nyingine. Dada mtafiti ametuma ujumbe kwa wajitoleaji wote. Picha ya ndoo zangu itatumika kuwafundisha wajitoleaji wapya nchi nzima. Nimeingia kwenye mafunzo! Waya hayumo. Nani ataipiga picha sifuri?

Na mwezi ujao tunahesabu nzi. Mtego mpya, barazani. Amesisitiza tena tusibadilishe chochote, safari hii mara tano, maskini, hana hakika kabisa.

Niliapa kuhusu mbu. Nzi hawakutajwa, na shemeji ni shahidi. Muuza samaki amenipa vichwa kumi na viwili, akidhani nimeanza kufuga paka. Vinahitaji kivuli, joto kidogo, mahali pasipo na upepo. Nimezunguka baraza lote na kipimo cha kamba, kisayansi, na panafaa mahali pamoja tu: chini ya cherehani.

Dakika ishirini. Nzi tisa!