Ekzosi Iliyoita Gare Kazini

Kabla Sheshe hajaliona lile gari, aliona kwanza wauza mapeasi wa soko la Lushoto wakibeba vikapu vyao na kujibanza ukutani, bila haraka, kama watu wanaoipisha mvua wanayoijua. Kisha gari likateremka. Ndani yake bwana mmoja alikuwa anakanyaga breki mfululizo kama fundi cherehani mwenye nguo ya harusi ya kesho. Mlango ukafunguka, akachupa mwanamke na gogo begani, akakimbia mbele, akalitupa chini ya tairi. Gari likapanda gogo, likatafakari, likarudi nyuma kidogo, likasimama. Abiria wakashuka, hawa wakisema alhamdulillahi, hawa Bwana asifiwe, wakatoa nauli kama watu wanaotoa sadaka.

Sheshe akaona riziki. Alikuwa amepanda mlima juzi tu kutoka Tanga, kwa sababu ambazo hata polisi wa Tanga walitamani kuzizungumza naye. Na kule Muheza alikuwa na mtu anayetaka gari lolote, asiyeuliza maswali, mradi lina matairi. Akanyoosha koti, akajitwika sanduku lake begani, akamwendea dereva.

"Shikamoo, mzee!"

Hapo tusimame kidogo, kwa heshima. Sheshe alikuwa na mvi mpaka kwenye nyusi. Timotheo, yule dereva, alikuwa bado anazisubiri ndevu. Huku milimani shikamoo haichezewi. Mtu aliyekuzidi mvi akikuamkia hivyo, shika mfuko wako. Timotheo akashika kidevu.

"Marahaba," akaitikia kwa sauti nene kama mkuu wa mkoa. "Hujambo, kijana?"

Mkewe Zipora, yule wa gogo, akageuka kumtazama huyo kijana mwenye mvi. Gari lilinunuliwa kwa mapeasi yake yeye, miaka na miaka ya vikapu kichwani. Ndilo lililokuwa shamba lake, ng'ombe wake na uzee wake. Mumewe alichangia leseni.

"Mzee wangu, breki zina nini?" Sheshe akauliza, kwa huzuni ya daktari.

"Breki zipo. Ila zinataka kubembelezwa."

"Na ekzosi?"

"Imetoboka. Tumeifunga mkebe wa mafuta ya kula na waya."

"Mnateseka na mimi nipo! Mimi ni fundi wa reli ya Wachina, bwana. Treni nzima naisimamisha kwa kidole. Nakutengenezea bure. Si ndiyo Ujamaa, au nasema uongo?"

Timotheo, akisikia bure, hata kwa sindano alikuwa anapanga foleni. "Anza sasa hivi!"

"Lazima kwanza nilisikilize likitembea, mimi peke yangu. Uzito wa abiria unaficha ugonjwa. Nakuachia sanduku langu la vipuri liwe dhamana. Lina thamani kuliko gari lenyewe."

Akalitua. Likalia ngu! Zipora akalinyanyua upande mmoja, akalirudisha chini, akatabasamu.

"Baba Rehema, mwache fundi alijaribu," akasema. "Ila kwenye lami leo kuna kizuizi cha polisi."

"Polisi!" Sheshe akasema haraka mno. Kisha polepole: "Yaani, watanichelewesha."

"Basi pita njia ya Gare. Vumbi tupu, askari hafiki." Zipora akainama, akafungua waya. "Na huu mkebe nautoa. Mgonjwa hapimwi na nguo."

"Mama, ungekuwa daktari wewe!"

Timotheo akafungua mdomo aseme jambo kuhusu Gare na ule mkebe. Zipora akamkanyaga mguu. Mdomo ukafungika. Hiyo ndiyo breki pekee iliyofanya kazi siku hiyo.

Sheshe akaondoka kwa vumbi na kelele. Gogo hakuliomba.

"Umeona?" Zipora akasema. "Mwenye nia ya kurudi na gari hili haliachi gogo. Beba sanduku lake, twende Gare."

"Kwa miguu? Tutamkuta?"

"Tutamkuta. Umesahau kwa nini tuliifunga ile ekzosi?"

Timotheo angesahau, mgongo wake ungemkumbusha. Huko Gare, kazi ya kijiji, yaani msaragambo, huitwa kwa baragumu; likilia, kila mwenye jembe anatoka. Siku ekzosi ilipotoboka, gari liliteremka pale likinguruma kama hilo baragumu, na kijiji kizima kikatoka na majembe. Mwenyekiti akaamua: watu hawaitwi bure, aliyewaita aongoze kazi. Mume na mke wakachimba mtaro mpaka jua likazama.

Wakati huo Sheshe alikuwa anaimba. Mlima ukaisha, mteremko wa Gare ukaanza, akakanyaga breki. Breki haikuwa imebembelezwa. Mguu ukazama mpaka chini kama umetumbukia kwenye mtindi. Akarudisha gia ndogo, na ekzosi ikapata nafasi yake: VUUUU! Mlima wa pili ukaitikia: VUUUU!

Migomba ikatikisika. Wakatoka wanaume na majembe, akina mama na majembe, bibi mmoja na panga, wote mbio kuelekea barabarani.

"Habari zimenitangulia!" Sheshe akalia. Gari likachoma lundo la udongo laini, likazima. Akashuka mikono juu.

"Ndugu zangu, msinipige! Sikuiba, nilikuwa nalijaribu! Nitalirudisha!"

Mwenyekiti, Mzee Athumani, akaegemea jembe. "Onga mshi kwanza, mgeni. Salamu ndiyo mwanzo. Haya, kazi iko wapi?"

"Kazi?"

"Si wewe uliyepiga baragumu? Msaragambo umeuita wewe."

Sheshe akashusha mkono mmoja. Ulimi wake, ambao haukuwahi kulala njaa, ukaamka. "Naam! Nimetumwa kutoka juu, kukagua kujitegemea kwenu. Kazi ni barabara hii. Nisukumieni gari kwanza, nikaandike ripoti."

Wakashangilia. Mzee Athumani akampa jembe.

"La nini tena?"

"Huku aliyeita anaongoza, hata awe waziri. Gari tutalisukuma kazi ikiisha."

Sheshe akayahesabu majembe kwa macho, akaacha. Akavua koti, akalitundika kwenye mgomba.

Alasiri Zipora na Timotheo wakafika, mke na gogo begani, mume na sanduku kichwani. Suruali ya Tanga ilikuwa imeshapata rangi ya Gare.

"Fundi, umesahau vipuri vyako!" Zipora akaita.

"Visifunguliwe!"

Mzee Athumani alikuwa ameshafungua. Mawe. Mawe magumu, mazuri, ya mtoni. Watu wakasogea kuchungulia.

"Jamani," mwenyekiti akasema, sauti ikimtetemeka, "mgeni amekuja na mawe yake!"

Vigelegele vikapanda mpaka misheni ya Gare. Mawe yakaingia kwenye shimo baya kuliko yote, lile ambalo Zipora alilitukana kila safari.

"Kwa moyo huu utalala kwangu," Mzee Athumani akamwambia Sheshe. "Kesho tunaendelea."

Sheshe akamtazama Zipora. Akikataa, mama yule atasema gari alilipataje. "Ni heshima kubwa," akajibu, kama mtu anayeshukuru kwa kuzikwa.

Ndipo Timotheo, ambaye hatimaye alikuwa ameelewa, akamsogelea na kuinamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

Kwa mara ya kwanza maishani, Sheshe akapapasa mfuko wake mwenyewe. Kisha akalikimbilia koti pale mgombani. Ufunguo wa gari haukuwemo. Ulikuwa kwenye pindo la kanga ya Zipora, na Zipora alikuwa chini ya gari, anaivalisha ekzosi nguo yake.