Birika la Volti Mia Moja

Jumatatu, 10 Februari
Lori la Mombasa limeniletea birika la stima la kuchemshia chai. Lita ishirini! Limetumika Japani, lakini kwa adabu. Na limefika siku yenyewe. Kanisa letu hapa Mwingi lina chumba cha duka langoni, chenye mlango na kufuli, na hakina mpangaji. Mimi nauza vyombo vya stima vya mitumba chini ya turubai. Kila lori likipita kwenda Garissa, naachiwa vumbi la kutosha kupanda mbaazi. Mama Syokau, mwenyekiti wa wamama wa kanisa, ametangaza: atakayechemsha chai ya mkutano wao wa Alhamisi bila matatizo ndiye atakayepata chumba. Tuko wawili. Mimi na Gakenia.

Gakenia, muuza vyombo vya stima mwenzangu, alitoka Murang'a na mita ya kupimia stima. Hachomeki kitu kabla ya kusoma kibandiko cha nyuma, kukagua waya inchi kwa inchi, halafu kupima soketi huku mkono mmoja uko mfukoni, kama mtu anayelinda nauli. Leo amegeuza birika langu bila kuombwa. Akasema, kwa sauti ya kufika stendi, kwamba hii ni volti mia moja na stima yetu ni mia mbili na arobaini, na je, ndugu Muindi anauza birika ama bomu?

Nimemwonyesha testa yangu, ile bisibisi yenye kitaa. Nimeiingiza kwenye soketi, ikawaka. Stima iko. Nini tena? Eti testa inasema stima iko, haisemi ni ngapi.

Wivu.

Jumanne, 11 Februari
Nimefikiri sana. Stima yetu inatoka mbali. Inawasha Thika, inawasha Matuu, ikifika Mwingi imechoka. Mia mbili na arobaini ni ya huko inakoanzia!

Kisha leo mchana, nikiwa kanisani kupima chumba changu kwa macho, mashine ya kusaga ya Nzomo ikanguruma pale jirani. Taa za kanisa zikawa njano kama kiini cha yai. Asi! Nzomo akisaga, anakula stima yote, sisi tunabaki na makombo. Na makombo ndiyo Wajapani wanayotumia.

Jumatano, 12 Februari
Jaribio. Nzomo anasaga, mimi nachemsha. Maji yametokota kabla sijapata majani ya chai! Huko Japani labda wanasubiri.

Nimemwomba Nzomo kesho saa tisa asizime mashine. Amecheka, akauliza kama nimeokoka upya ama nimegongwa na jua. Akasema yeye hazimi kama bado kuna mtu na debe lake kwenye foleni. Na wakati huu wa mavuno, foleni inafika barabarani. Nimetulia.

Jioni nimezunguka kualika watu. Chai ya bure, mandazi ya bure. Nimealika hata foleni ya Nzomo. Mashahidi wakiwa wengi, Mama Syokau hawezi kupindisha mambo.

Alhamisi, 13 Februari
Saa tisa kamili. Nzomo ananguruma. Taa njano. Birika linaimba. Mama Syokau ananiita mwanangu! Gakenia amesimama karibu na soketi na mita yake, anatikisa kichwa.

Watu wakaingia. Wengi! Wengine na madebe kichwani. Nikawahesabu kwa furaha mpaka nikamwona mmoja ana unga kwenye nyusi na kikombe mkononi. Nzomo. Nikamuuliza anafanya nini hapa. Akajibu kwamba wateja wote wamekuja kwa chai, amsagie nani?

Nje, mashine kimya. Juu, taa tayari nyeupe kabisa.

Gakenia akapiga kelele watu warudi nyuma, akakimbilia swichi kubwa. Birika lilikuwa limeshatoa mlio wa mbuzi, halafu moshi, halafu mfuniko. Hakuna aliyeumia, ila mandazi yana ladha ya mpira. Mama Syokau ameacha kuniita mwanangu.

Ijumaa, 14 Februari
Gakenia amepewa chumba. Ameniambia nilete vyombo vyangu kila Jumamosi, anipimie bure kabla sijaua mtu. Nimemwambia mtu wa tajriba yangu hapimiwi.

Jumamosi, 15 Februari
Sikupeleka kitu. Nilikuwa na hesabu muhimu zaidi. Lori limeleta pasi kumi na mbili za Amerika, za volti mia na kumi. Mia na kumi mara mbili ni mia mbili na ishirini, sawasawa na stima yetu iliyochoka! Kwa hivyo zinauzwa kwa jozi, zimeungwa kwa waya mmoja, kwa maharusi tu: moja ya bwana, moja ya bibi, wapige pasi pamoja maisha yao yote. Wakiachana, kila mmoja na pasi yake, zikaungua, hayo ni mambo ya pasta. Harusi ya kwanza ni saa nane. Nimeshazifunga utepe.